Bunduki za leva za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

Bunduki ya leva ni ipi hasa?

Ni ile unayoionaga kwenye sinema za makaboi, ina kishikio cha chuma kimezunguka triga, ukikisukuma chini ganda lililotumika linaruka nje na nyundo inajikoki yenyewe, ukikirudisha juu risasi mpya inaingia chemba (nafasi yake nyuma ya mtutu), basi uko tayari tena. Hicho kishikio ndio leva yenyewe. Nyingi zinabeba risasi kwenye bomba refu lililolala chini ya mtutu, zimepangana moja nyuma ya nyingine, na unazipakia moja moja kupitia kidirisha kidogo ubavuni. Kuna zinazotumia magazini ya aina nyingine, tutazifikia.

Ilianzia wapi?

Marekani, na kwa kiasi kikubwa mji mmoja tu, New Haven, Connecticut. Benjamin Tyler Henry alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha Oliver Winchester, akatoa bunduki ya Henry ya 1860, inabeba risasi 16 wakati askari wengi wa enzi hizo walikuwa bado wanashindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Ilikuwa na kasoro zake lakini: bomba liko wazi kwa chini kwahiyo tope na vumbi vinaingia, halafu mbele hakuna mbao ya kushikia, ukipiga mfululizo mkono wa kushoto unaungua.

1866 Nelson King akaleta kile kidirisha cha ubavuni cha kupakia, bomba likafungwa, mbao ikawekwa. Ikaja Model 1873 ambayo ndio iliyopewa sifa kwamba ilishinda nchi za Magharibi (matangazo ya kampuni yalisaidia sana hapo, tusidanganyane). Halafu akatokea John Moses Browning, kijana wa fundi bunduki kutoka Ogden, Utah, akawachorea Winchester Model 1886, 1892, 1894 na 1895. Watu wengi wakisema "bunduki ya leva" kumbe picha iliyo kichwani mwao ni kazi ya huyu bwana mmoja.

Majina gani nianze kuyajua?

Matatu yanatosha kwa kuanzia. Winchester 94, hii ndio mama yao, zimetengenezwa zaidi ya milioni 7, kiwanda cha New Haven kilifungwa 2006. Marlin 336, imeanza 1948 ila mizizi yake ni Marlin za miaka ya 1890, juu imefungwa kabisa na ganda linatokea ubavuni. Na Savage 99, ambayo mimi binafsi naona ndio iliyochorwa kwa akili kuliko zote, maana Arthur Savage (alizaliwa Jamaika, wengi hawajui) mwaka 1899 tayari alikuwa ameficha nyundo ndani, akaweka magazini ya kuzunguka badala ya bomba, na kakidirisha ubavuni kanakoonyesha namba ya risasi zilizobaki. Mwaka 1899 hiyo!

Zilikuwa za vita au za kuwinda?

Zote mbili ila kuwinda ndiko kulikozibeba. Jeshi la Marekani halikuzipenda, mwaka 1876 kwenye pigano la Little Bighorn askari wa kamanda wao Custer walikuwa na Springfield za risasi moja moja huku baadhi ya wapiganaji wa Lakota na Cheyenne, wenyeji wa asili wa Amerika, wakiwa na Henry na Winchester. Oda kubwa ya kijeshi ilitoka Urusi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, karibu Model 1895 laki tatu zikiwa za risasi yao wenyewe ya 7.62. Mengine yote tunayoongelea hapa ni mambo ya porini na kulungu.

## Kwa nini watu hawaziachi

Kuna bunduki za bolti (zile za kuvuta mkono wa chuma nyuma na mbele) zenye darubini zinapiga mita 400. Kwa nini mtu ahangaike na hii?

Kwa sababu kulungu wengi hawapigwi mita 400. Nenda misitu ya Pennsylvania, Maine, kaskazini mwa Michigan, milima ya Adirondack kule New York, kulungu wa mkia mweupe anatokea mita 40 au 60 kutoka ulipo, katikati ya miti, anakuonyesha bega sekunde mbili tatu halafu ameshapotea. Hapo darubini kubwa inakuwa kizuizi, unaangalia ndani unaona magome ya mti tu. Unachohitaji ni kitu kinachopanda begani haraka na saiti unayoiona macho yote mawili yakiwa wazi.

Sasa kuna hii ya ubebaji, ambayo mtu hawezi kuielewa mpaka ashike moja. Winchester 94 ya mtutu wa inchi 20 ina kama kilo 3, ubavuni ni bapa, haina mkono wa bolti unaochomoza wala magazini inayoning'inia, kwahiyo unaishika katikati pale kwenye uzani wake kwa mkono mmoja na unatembea nayo kutwa nzima. Wafuga ng'ombe walizipenda kwa sababu hiyohiyo, inateleza kwenye ala ya ngozi pembeni ya tandiko la farasi bila kunasa popote. Na risasi ya pili unaipata bila kushusha bunduki begani wala kuhamisha shavu. Mtu aliyeizoea anafanya hivyo bila hata kufikiri.

Halafu bei. Zilikuwa za bei rahisi, zinauzwa dukani pamoja na misumari na kamba, na mpaka sheria ya 1968 ilipokuja kukataza ungeweza kuagiza kwa posta ikaletwa mpaka mlangoni. Ndio maana familia nyingi za mashambani zilikuwa na moja nyuma ya mlango, na ndio maana zipo nyingi mpaka leo.

Si ni sinema tu zimewalevya?

Sinema zimechangia, nani atabisha. Cha kuchekesha ni kwamba sinema nyingi zinazosimulia miaka ya 1870 zinatumia Winchester 1892, bunduki ambayo ilikuwa haijazaliwa, kisa ilikuwa rahisi kuipata Hollywood na inapiga risasi zilezile za bandia. Ila ukiwauliza wenye nazo, wengi hawana habari na makaboi. Ilikuwa ya babu. Pale Pennsylvania kwa miongo mingi msimu wa kulungu ulifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Thanksgiving na shule nyingi zilikuwa zinafunga siku hiyo maana darasani asingekuja mtu (tangu 2019 wamehamishia Jumamosi, na kuna wazee mpaka leo hawajasamehe). Mtoto anakabidhiwa bunduki ya risasi ya .30-30 iliyochunwa rangi pale mkono wa babu ulipokuwa unaishika. Huwezi kumwambia auze akanunue ya plastiki.

Natumia mkono wa kushoto, itanifaa?

Sana tu. Leva iko katikati, haina kushoto wala kulia. Ganda kwenye Winchester za zamani linaruka juu, Marlin linaenda kulia. Watu wa mkono wa kushoto walizigundua hizi mapema, wakati huo bolti za kushoto zilikuwa adimu.

Unatumia saiti za chuma, huoni shida?

Macho yakishapita umri fulani shida ipo, ile saiti ya nyuma ya mfereji inaanza kuwa ukungu. Dawa ya zamani ni saiti ya tundu, unaangalia kupitia kitundu kilichowekwa nyuma karibu na jicho, kampuni ya Lyman ilishazitengeneza tangu karne ya 19. Inafanya kazi vizuri kuliko inavyoonekana. Kuhusu kufunga darubini angalia swali la matundu kwenye sehemu ya kununua, usikimbilie drili.

## Risasi na umbali

30-30 maana yake nini?

Thelathini ya kwanza ni upana, sehemu 30 za mia za inchi. Ya pili ni greni 30 (kipimo kidogo cha uzani) za baruti isiyo na moshi zilizokuwa zinawekwa mwanzoni. Ilitoka 1895 na ilikuwa risasi ya kwanza ya kuwindia Marekani ya upana mdogo iliyotengenezwa kwa ajili ya hiyo baruti mpya, na ndiyo iliyolifanya jina la Model 94. Kabla ya hapo ukitaka nguvu ulikuwa unaongeza upana, kama ile .45-70 ya kwenye Model 1886, vitu vizito vinavyotoa wingu la moshi mpaka huoni ulichopiga.

Inafika mbali gani kwa kuwinda?

Risasi ya greni 170, yaani gramu 11, inatoka kama mita 670 kwa sekunde. Ukiisawazisha saiti kwa yadi 100, ukifika yadi 200 imeshashuka sentimita 20 na kitu. Kwa hiyo mtu mwenye heshima kwa mnyama anaishia yadi 150, labda 200 kama anajua anachofanya na ana kitu cha kuegemea. Kuna watakaokwambia babu yao alipiga kulungu yadi 300, sawa, hawakwambii wangapi walikimbia na jeraha.

Savage 99 ni hadithi tofauti. Ile .250-3000 ya mwaka 1915 ilipewa jina hilo kwa sababu kichwa chake kilikimbia futi 3,000 kwa sekunde, na .300 Savage ya 1920 ni risasi unayoweza kuwindia vizuri mpaka leo bila kuomba radhi kwa mtu.

Mbona risasi zake zina kichwa butu?

Kwa sababu ya bomba. Risasi zimepangana ncha kwa kitako, kwahiyo ukiweka kichwa kilichochongoka ncha yake inakaa juu ya fataki (kile kidude cha kitako kinachowasha baruti) ya risasi iliyo mbele, bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo ncha inaweza kuigonga fataki na ikalipuka ndani ya bomba, mkono wako wa kushoto uko hapohapo. Kwahiyo bapa au mviringo tu. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Hornady walileta kichwa chenye ncha ya mpira laini inayobonyea, hiyo ni salama kwa bomba na imeongeza umbali kidogo.

Model 1895 yenye sanduku la magazini na Savage 99 hazina shida hii, hizo zinakula zilizochongoka.

Risasi bado zinapatikana?

.30-30 ndiyo, Marekani ni ya kawaida, ingawa 2020 na 2021 rafu zilikuwa tupu na watu walilipa bei za ajabu. .45-70 na .44-40 zipo. Ukienda kwenye .32 Special, .25-35 na .38-55 uwe na subira. .303 Savage karibu ni ya wanaojitengenezea wenyewe, na tafadhali usije ukaichanganya na .303 ya Muingereza, ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye .44 ya Henry ya asili usihangaike, hiyo ibaki ukutani. Soma kilichoandikwa kwenye mtutu, na kama bunduki ina zaidi ya miaka mia fundi aipime chemba kwanza, maana kuna waliobadilishaga miaka hiyo bila kuandika popote.

## Kununua ya zamani

Kila mtu anasema "pre-64", ndio nini?

Winchester zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya 1964. Mwaka ule kampuni iliamua kupunguza gharama, vipande vilivyokuwa vinachongwa kwenye chuma kizima vikawa vya kugandamizwa, bodi (kile kiboksi cha chuma chenye mitambo) ikatengenezwa kwa chuma ambacho hakishiki ile rangi ya bluu nyeusi vizuri. Wateja walikasirika na hasira haijaisha, bei bado inapandia hapo. Mpaka wa mfululizo wa namba ni kama 2,700,000 kwa Model 94.

Kwahiyo za baada ya 64 ni takataka?

Hapana bwana. Za miaka ya 60 katikati ndio zenye sura mbaya, ila kupiga zinapiga. Kampuni ilijirekebisha taratibu, na kuanzia 1982 ganda likaelekezwa pembeni ili darubini ikae juu. Mtu anayetaka bunduki ya kutumia, sio ya kuonyesha, anaweza kuokoa hela nyingi hapa, na mvua haichagui mwaka wa kiwanda. Mimi ningependa tu kuepuka zile zenye kitufe cha usalama kilichotobolewa kwenye bodi kuanzia 1992, na sababu yangu ni macho tu, inaudhi kuiangalia.

Na kwa Marlin, hizo herufi JM?

Muhuri uliopigwa kwenye mtutu wa Marlin za kiwanda cha zamani cha Connecticut. Remington waliinunua Marlin 2007, uzalishaji ukahamishwa, na za miaka ya mwanzo baada ya kuhama zilipata sifa mbaya, mbao hazikai sawa, saiti zimeinama. Hapo ndipo JM ikawa kitu cha kuulizia. Baadaye 2020 Ruger wakanunua Marlin na mpya wanazotoa zinasifiwa, kiasi kwamba kulipa mara mbili kwa ajili ya herufi mbili inabidi uwe na sababu.

Nikague nini kabla sijatoa hela?

Kwanza hakikisha haina risasi, chemba na bomba vyote. Halafu ndani ya mtutu, mulika. Zamani fataki zilikuwa na chumvi na baruti nyeusi ilikula chuma, kama mwenyewe hakuisafisha jioni ileile utaona vishimo. Vishimo kidogo sio mwisho wa dunia, nyingi zinalenga vizuri tu, ila bei ishuke. Angalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimeliwa liwa ujue kuna mtu asiye na bisibisi sahihi alikuwa humo ndani. Fungua na kufunga leva, isikie kama inalegea ikiwa imefungwa. Koki nusu (nyundo ivutwe hatua ya kwanza tu), bonyeza triga kwa nguvu ya kawaida, nyundo isidondoke. Mbao pale zinapokutana na chuma nyuma, tafuta nyufa.

Nimekuta ina matundu juu ya bodi, ina shida?

Kupiga haina shida, mtu alitoboa afunge darubini au saiti ya tundu. Kwa mkusanyaji ndio thamani imeondoka, tena sana. Kwa mtu wa kuwinda hii ni bahati, umepata bunduki nzuri kwa bei ya chini na kazi ya kutoboa ameshafanya mwingine. Kama yako haina matundu na ni ya kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, usiitoboe.

Niipake rangi upya na kusugua mbao?

Hapana. Hapana tena. Rangi iliyochakaa kwa kushikwa ndiyo inayolipiwa, na ukishaipeleka kwenye gurudumu la kung'arisha maandishi yanafifia, kona zinakuwa za mviringo, na hakuna wa kuzirudisha. Toa kutu inayotembea kwa mafuta na pamba laini ya chuma, paka mbao mafuta kidogo, basi.

Nitajuaje ilitengenezwa mwaka gani?

Namba ya mfululizo. Kwa Winchester nyingi za zamani na baadhi ya Marlin vitabu vya kiwanda vipo Cody, Wyoming, kwenye jumba la makumbusho la silaha, ukilipa wanakuandikia barua inayosema ilitoka kiwandani lini na ikiwa na mtutu gani. Kisheria Marekani kuna mstari wa 1898: iliyotengenezwa mwaka huo au kabla inahesabiwa ya kale kwa sheria ya nchi, ingawa majimbo yana ya kwao.

Mfano mzuri ni ile Winchester 1873 iliyopatikana Nevada Novemba 2014, wanaakiolojia wa hifadhi ya Great Basin waliikuta imeegemea mti wa mreteni, kitako kimeshapasuka na kuzama udongoni. Namba ikasema 1882. Waliipiga eksirei huko Cody wakakuta risasi moja imefichwa ndani ya kitako, chemba ikiwa tupu. Ila vitabu havikuonyesha nani aliinunua, kwahiyo usitegemee barua ikuletee jina la mtu.

## Kutunza na usalama

Haina kitufe cha usalama, naibebaje?

Za zamani usalama wake ni nyundo kwenye nusu koki. Watu makini wanatembea chemba ikiwa tupu na risasi zikiwa kwenye bomba, maana kuingiza ni sekunde moja. Hatari kubwa ni kuteremsha nyundo kwa dole gumba juu ya risasi iliyo hai, na vidole vya baridi vinateleza. Mtutu uelekee ardhini pasipo na mtu, na usifanye kwa haraka.

Kupakua vipi?

Kwenye 94 ya zamani inabidi uzipitishe zote kwenye chemba moja baada ya nyingine, kidole mbali kabisa na triga. Hii ndio sehemu ya bunduki hizi ninayoichukia waziwazi. Ukidhani zimeisha pitisha tena mara mbili, moja hupenda kukwama kwenye bomba.

Kusafisha ni ngumu?

Marlin 336 unatoa skrubu moja ya leva, bolti inatoka kwa nyuma, unasafisha mtutu kutokea chemba. Winchester 94 ukiifungua yote utaomba msaada, safisha kwa mdomo wa mtutu na uwe mwangalifu fimbo isikwaruze ukingo wa pale mbele, ndio unaoamua risasi inaenda wapi.

## Maswali ya huku kwetu

Ziliwahi kutumika Afrika Mashariki?

Ndiyo, na mtumiaji maarufu ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani. Alishuka Mombasa Aprili 1909 na mwanawe Kermit, msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, wakapanda treni mpaka Kapiti. Alikuwa na Springfield, bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa ajili ya tembo na vifaru, na Winchester 1895 za .405. Hiyo .405 aliisifia sana kwa simba. Kichwa chake ni greni 300, na kitako kilichofungwa chuma kilichopinda, bega lililipa.

Baada yake hazikushika sana huku. Mashamba na savana ni wazi, umbali mrefu, na wanyama wakubwa walidai bunduki nzito za Kiingereza na bolti za Mauser.

Naweza kuwindia Kenya au Tanzania leo?

Kenya uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku 1977, kwahiyo hapana. Tanzania uwindaji wa vibali upo, lakini .30-30 sio ya nyati wala chochote kitakachokurudia, huko watu wanaanzia .375. Na kumiliki bunduki yoyote nchi hizi mbili kunahitaji leseni, hakuna "ni ya kale tu naiweka ukutani".

Napenda sura ya zamani lakini sitaki matatizo ya zamani, nifanyeje?

Nunua nakala. Uberti wa Italia wanatengeneza 1866 na 1873 ambazo hata mtaalamu inabidi asogee karibu. Winchester zenye jina lenyewe sasa zinatoka kwa Miroku, Japani, zimefungwa vizuri kuliko nyingi za New Haven, japo watu hawapendi kusikia. Kuna pia Henry Repeating Arms, jina limefanana na yule wa 1860 lakini kampuni ni ya miaka ya 1990, usije ukauziwa kama ni ukoo mmoja. Na kama utawinda na utanyeshewa, mimi ningechukua Marlin 336 ya miaka ya 70 iliyochubuka chubuka, yenye matundu ya darubini tayari, nikabakiza hela ya risasi za mazoezi.